Ushahidi wa Mtani

Je, neno la mzaha, lililotamkwa mbele ya jeneza na kuchekwa na waombolezaji wote, laweza kumuua mtu ambaye tayari amekufa?

Ndivyo alivyojiuliza Nyamizi Kapela. Orodha ya asubuhi ile ilikuwa iking'aa kwenye kioo mbele yake, na jina la saba katika orodha hiyo lilikuwa la mwanamke ambaye yeye mwenyewe alishiriki kumzika.

MWAVITA BINTI KONDO. FUNDI WA KUCHOMELEA. MIAKA SITINI NA MINNE. HUKUMU: LETHE.

Aliondoa kidole gumba kwenye kitufe cha lango polepole, kama mtu aondoaye mkono kwenye mdomo wa mbwa aliyelala.

Chumba cha lango kilikuwa mita elfu moja na mia moja chini ya ardhi, ndani ya mgodi uliokwisha dhahabu kabla mama yake Nyamizi hajazaliwa. Wahandisi wa kwanza, watu waliopenda mno visa vya Wayunani wa kale, waliyapa mashimo yake majina kutoka kwa visa hivyo. Akeroni ilikuwa ukingo ambako marehemu wapya walisubiri. Asfodeli ilikuwa konde pana la wafu wa kawaida, wasio wema wa kusifiwa wala waovu wa kulaaniwa. Elisio ilikuwa makao ya wateule. Lethe ulikuwa mto wa kusahau. Wachimbaji wa zamani, waliobaki pale kuwa vibarua wa ujenzi, waliyasikiliza majina yote hayo kwa adabu, kisha Hifadhi nzima wakaiita Kuzimu, na jina likashika.

Masheikh na mapadre walikuwa wamekubaliana jambo moja mapema: kilichokuwamo mgodini hakikuwa roho. Roho ilikuwa na Mwenyewe. Kilichokuwamo kilikuwa kivuli, yaani nakala ya kumbukumbu za mtu, iliyochukuliwa ubongoni saa chache baada ya kukata pumzi na kupandikizwa kwenye visahani vya utando hai, vyembamba kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Mtu wa Asfodeli alipewa visahani kumi na viwili. Ubaridi, giza na maji safi vilimtosha, akakaa.

Lakini utando haukuzaa utando. Ili marehemu mpya apate pa kukaa, ilibidi mwingine aondoke, na hapo ndipo Lethe ilipofanya kazi. Ilikuwa kimiminika chenye chumvichumvi, cheupe kidogo, kisicho na harufu. Kilipopita juu ya kisahani, nyuzi za utando zililegea moja baada ya nyingine, na yote ambayo mtu aliyajua yaliyeyuka bila sauti. Kazi ya Nyamizi, aliyokuwa ameifanya kwa miezi saba tangu alipopelekwa pale na chuo kikuu kwa mafunzo, ilikuwa kuweka kidole gumba, kutamka jina la aliyehukumiwa mara tatu, na kulifungua lango.

Hukumu hazikuwa zake. Zilitolewa na mashine tatu zilizopewa majina ya majaji wa wafu: Minosi, Radamanthi na Eako. Zilisoma kumbukumbu za maisha ya mtu, kisha zikasikiliza ushahidi wa walio hai. Ushahidi huo ulikusanywa msibani, kwa siku tatu za kwanza, kwa kinasa sauti kidogo ambacho familia ilikitundika mlangoni. Wahandisi waliamini kwamba hakuna mahali ambapo binadamu husema kweli kama msibani.

Nyamizi akagusa neno USHAHIDI. Sauti ikajaa chumbani.

"Mwizi huyu! Sanda ya nini? Mfunikeni bati, ndilo alilolizoea! Vijiti vya kuchomelea vya kampuni amevimaliza, futari za majirani amezimaliza, macho ya watu ameyachoma kwa ule moto wake. Mchoyo aliyekunywa uji amefunga mlango! Leo hatoki mtu humu mpaka aseme vijiti kavificha wapi!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Aliikumbuka siku ile vyema. Yeye ni Mnyamwezi na marehemu alikuwa Mzaramo, na tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu Mnyamwezi na Mzaramo hawazikani bila utani. Aliingia nyumbani kwa marehemu amevaa aproni ya ngozi ya marehemu huyo nyuma mbele na kofia yake ya kuchomelea juu chini, akajilaza kitandani pake, akalizuia jeneza lisitoke hadi wampe kanga. Wanawake waliokuwa wamelia usiku kucha walicheka hadi wakashikana mabega. Binti wa marehemu, aliyekuwa hajala kwa siku mbili, alicheka, kisha akaomba chai.

Kicheko hicho hakikuwamo kwenye rekodi. Mashine zilikuwa zimekichuja kama kelele.

*

"Mbona foleni imesimama, binti?"

Aliyeuliza ni Mhandisi Shija Malongo, mkuu wa zamu, Msukuma mnene mwenye mwendo wa taratibu, ambaye kwa siku sita zilizopita alikuwa anatembea taratibu zaidi. Baba yake mzazi alikuwa Akeroni. Utando wa Akeroni, uliotengenezwa kwa ajili ya kungoja tu, hushikilia kivuli kwa siku tisa, kisha huachia.

"Namba saba, Mzee," alisema Nyamizi. "Naomba usikilize."

Malongo alisikiliza. Mwanzoni kona za mdomo wake zilipanda zenyewe, kwa kuwa Wasukuma nao ni watani wa Wazaramo na masikio yake yaliutambua wimbo kabla ya maneno. Kisha tabasamu lile likapotea.

"Hii sauti..."

"Ni yangu."

"Ee, mama yangu." Alivuta kiti, akaketi. "Mimi mwenyewe niliwahi kulala mbele ya jeneza la Mzaramo, Kisarawe huko. Nikasema marehemu alikuwa na wake wanne wa siri. Mjane alicheka mpaka akadondoka."

"Marehemu huyo yuko wapi sasa?"

Malongo aligeukia kioo. Nyamizi akaona kwamba mzee huyu alikuwa anajaribu kulikumbuka jina, na kwamba aliogopa kulikumbuka.

"Nipe nusu saa," alisema Nyamizi. "Nataka kumwona."

"Sheria hairuhusu mfungua lango kuzungumza na aliyehukumiwa."

"Mzee, sheria hairuhusu shahidi kunyimwa nafasi ya kuulizwa, na mimi hakuna aliyeniuliza."

Akampa nusu saa.

*

Katika visa vya Wayunani, vivuli vya wafu huzagaa bila sauti wala kumbukumbu mpaka vionje damu ya kitu kilicho hai. Ajabu ni kwamba wahandisi walipoujenga mgodi waligundua jambo karibu na hilo. Utando uliopoa uliweza kuhifadhi, lakini haukuweza kufikiri. Ili kivuli kiseme, kilihitaji joto, sukari na hewa, na hakuna kilichovibeba vyote vitatu vizuri kama damu mbichi ya binadamu. Bomba moja la sindano lilitosha dakika kumi.

Nyamizi aliingiza mkono kwenye pete ya chuma iliyotokeza ukutani mwa Asfodeli. Sindano ikauma. Nyuma ya kioo, visahani kumi na viwili vilibadilika kutoka weupe hadi rangi ya waridi.

"Nani huyo?" Sauti ilitoka kwenye spika ndogo, nzito na yenye mikwaruzo, kama ilivyokuwa duniani. "Mbona damu yenyewe nyepesi, kama chai ya Wanyamwezi?"

"Ni mimi, mtani. Nyamizi."

"Nilijua! Ndiyo maana nimenyweshwa na bado nina njaa. Umekuja kudai nini tena? Kanga si mlikwisha chukua?"

"Mtani, nimekuja..." Akavuta kamasi.

"We! Usinililie hapa. Mtani anayelia ni kama mgeni anayeosha vyombo, anatia aibu nyumba nzima. Sema."

Nyamizi akasema. Alieleza kinasa sauti, majaji watatu, kicheko kilichochujwa, orodha ya asubuhi. Alipomaliza, dakika chache tu zilikuwa zimebaki.

"Ulisema nimeiba nini vile?"

"Vijiti vya kuchomelea."

"Lakini niliviiba kweli! Viwili, mwaka ule wa mafuriko, nikaunga kitanda cha mwanangu. Wewe ulijuaje?"

"Sikujua! Nilibuni tu!"

Spika ikapasuka kwa kicheko, kicheko kilekile kilichokuwa kikisikika karakana yake nzima. Nyamizi naye, huku machozi yakimtiririka, akajikuta anacheka.

"Basi wewe ni mtani wa haki," alisema Mwavita. "Na uji je? Huo wa kufunga mlango?"

"Huo nao niliubuni."

"Huo umenisingizia. Sipendi uji."

"Mtani, unaogopa?"

"Niogope nini? Huku hakuna njaa, hakuna maumivu, wala hakuna chumvi. Siku zote ni kama saa kumi alasiri mtu ameamka usingizini, hajui ni leo au jana. Mtu angeniambia nichague, ningechagua kuwa kibarua wa kufagia mavumbi ya karakana juu huko, kuliko kuwa malkia hapa." Sauti ilipungua kidogo. "Ila nakumbuka vitu. Namkumbuka mwanangu akinicheka nilipojichoma kidole siku yangu ya kwanza kazini. Nikikisahau kicheko hicho, Nyamizi, atakayebaki ni nani?"

"Nitakutoa."

"Sikiliza. Mimi sikuzikwa na Wanyamwezi peke yao, wala si sisi Wazaramo peke yetu wenye watani. Mpare je? Mngoni je? Hebu niambie, tuko wangapi humu tuliosemwa?"

Waridi ilianza kufifia kwenye visahani. Nyamizi alichomoa mkono kwenye pete, akaelekea chumba cha kumbukumbu.

*

Alihesabu.

Wakati taa ya lango ikiwaka nyekundu kuonyesha kwamba kazi imesimama, na simu kutoka juu zikilia bila kupokelewa, Nyamizi alikaa kwenye chumba cha kumbukumbu akasikiliza ushahidi mmoja baada ya mwingine. Hakuhitaji kusikiliza hadi mwisho. Masikio ya mtu aliyelelewa na utani huutambua haraka, kama ulimi utambuavyo ndimu. Wachaga walikuwa wamemwita mzee mmoja wa Kipare bahili aliyekula ugali kwa harufu ya samaki wa jirani. Wahehe walikuwa wamemshtaki mwalimu wa Kingoni kwa kukimbia vita ambavyo vilipiganwa miaka mia moja kabla hajazaliwa, na Radamanthi alikuwa ameandika: UOGA, UTORO.

Waliohukumiwa na kusubiri lango walikuwa mia tatu na arobaini. Kati yao, mia mbili na kumi na wawili walikuwa wametiwa hatiani kwa maneno ya watani.

Kisha akafanya kile ambacho angeweza kukiacha. Akafungua orodha ya waliokwisha pita. Katika miezi yake saba, watu mia moja na tisa waliotaniwa na kuhukumiwa walikuwa wamepita chini ya kidole chake gumba. Majina yao aliyatamka yeye, kwa sauti safi aliyofundishwa, akidhani kwamba anatenda haki.

Malongo alimkuta ameinamisha paji la uso mezani.

"Baraza la Hifadhi linakuita juu saa nane," alisema. "Kabla hujaenda, soma hii." Aliweka mbele yake kibao chenye fomu fupi. "Ni tamko la shahidi wa uongo. Ukikiri kwamba ulichosema kilikuwa uongo, ushahidi unafutwa na Minosi anamwacha Bi. Mwavita abaki Asfodeli. Unapewa karipio, basi. Nimekwisha kuisaini upande wangu."

Nyamizi aliisoma. "Na wale mia mbili na kumi na mmoja?"

"Watani wao wajitokeze, wakiri kama wewe."

"Wengine wamekufa, Mzee. Wengine ni haohao wanaosubiri lango."

"Najua."

"Halafu sikusema uongo."

"Kwa hiyo ulisema kweli?"

"Nilikuwa nazika."

Malongo alifuta jasho shingoni, ingawa chumba kilikuwa baridi. Aliposema tena, hakuwa mkuu wa zamu. "Nyamizi, baba yangu ana siku tatu. Kwenye foleni yuko na wengine wanane. Lango likifunguliwa leo, wote tisa watapata visahani. Lisipofunguliwa, nitakaa pale ukingoni nimtazame akiyeyuka. Alikuwa na hadithi moja ya ng'ombe aliyevuka mto peke yake kurudi nyumbani. Mimi sijui kuisimulia. Nilikuwa nangoja atulie Asfodeli, nimpe damu, anisimulie." Akakisogeza kibao karibu na mkono wa Nyamizi. "Mimi si mtu mbaya, binti."

"Najua, Mzee. Ndiyo maana inaniuma."

Alikirudisha kile kibao bila saini yake.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa juu ya ardhi, na baada ya saa nyingi za chini mwanga wa jua uliyapiga macho ya Nyamizi kama kofi. Wajumbe watano waliketi nyuma ya meza ndefu. Katikati alikuwa Dakta Rugemalira, mwenyekiti, mwanamke wa Kihaya mwenye mvi zilizosukwa vizuri na sauti isiyopanda wala kushuka. Kwenye mabenchi ya pembeni walikaa jamaa wa wale tisa waliokuwa Akeroni. Habari ya lango kusimama ilikuwa imewafikia. Malongo alikaa miongoni mwao, si upande wa wafanyakazi.

"Binti Kapela," alianza mwenyekiti, "umeapa kiapo cha Stiksi, ule mto wa viapo wa Wayunani?"

"Nimeapa."

"Kwamba utalifungua lango kwa kila hukumu halali?"

"Kwa kila hukumu halali, Mheshimiwa. Neno hilo ndilo lililonileta."

Akaeleza. Aliwasikilizisha rekodi mbili, ya Mwavita na ya yule bahili wa harufu ya samaki. Kwenye mabenchi mtu mmoja alicheka kabla hajajizuia, na kicheko kile kifupi kilifanya kazi kuliko maelezo yote. Wajumbe wawili walitazamana.

"Kosa limeeleweka," alisema Dakta Rugemalira. "Tutazifundisha mashine kuutambua utani. Kwa hukumu zijazo."

"Na zilizopita?"

"Zilizopita zimepita. Hukumu mbili kati ya tatu zikikubaliana, kesi haifunguliwi tena. Tukifungua moja, tutafungua zote, na huo utakuwa mwisho wa Hifadhi hii."

Nyamizi alikuwa amejiandaa kuwa mtulivu. Aliona utulivu huo ukimtoka, na hakuukimbilia.

"Waheshimiwa, mmechukua majina ya majaji wa Wayunani, na hekima yao mmeiacha. Wayunani wenyewe walisimulia kwamba hapo kale watu walihukumiwa wangali hai, wamevaa nguo zao, na ndugu na majirani wamejaa kuwatolea ushahidi. Hukumu zikaharibika. Wema wakatupwa pabaya, waovu wakapelekwa visiwa vya raha. Malalamiko yakamfikia Zeu, mkuu wa miungu yao. Akaamuru kwamba tangu siku hiyo mtu ahukumiwe baada ya kufa, uchi, peke yake, bila shahidi hata mmoja, na jaji amtazame nafsi kwa nafsi. Ninyi mmewarudisha mashahidi. Mmewatundika mlangoni pa msiba, na kwa kuwa mashine zenu hazikulelewa na shangazi yeyote wa kuzitania, zimesikia upendo zikaandika kosa."

"Maneno mazuri," alisema mjumbe mmoja, mwanamume mwembamba aliyekuwa akiandika. "Nafasi je? Wakae wapi? Maneno mazuri hayana visahani."

"Visahani vipo. Vipo Elisio."

Ukumbi ukanguruma.

"Elisio kuna watu arobaini," Nyamizi aliendelea, sauti ikipanda juu ya sauti zao. "Kila mmoja amelazwa kwenye visahani mia sita, ili aote bahari na bustani na apate machweo mapya kila siku. Mtu wa Asfodeli ana kumi na viwili. Wateule wakiachia nusu tu, watapata nafasi watu elfu moja. Hakuna atakayehitaji Lethe kwa miaka mingi."

"Wale wana mikataba," alisema mwenyekiti. "Tena kuugawanya utando wa Elisio bila kumdhuru aliyelala ni kazi ya siku kumi na mbili. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Mwanamke mmoja alisimama kwenye mabenchi, kijana bado, kitambaa cheupe cha eda kichwani. "Siku kumi na mbili? Mume wangu ana siku nne! Wewe dada, unazungumza habari za Wayunani, mume wangu ana siku nne!"

Nyamizi alimgeukia. Alitamani mtu mwingine amjibu. "Ndiyo, dada," alisema. "Nalijua hilo pia."

"Basi kuna haja gani ya mjadala?" Dakta Rugemalira aliunganisha vidole vyake juu ya meza. "Hata tukikubali kila neno lako, hawa tisa watapotea kabla ya kisahani cha kwanza kutoka Elisio. Unawaokoa waliohukumiwa kwa kuwaua wasiohukumiwa. Hebu nieleze, binti msomi, haki ya namna hiyo inaitwaje?"

"Sijui inaitwaje, Mheshimiwa. Najua kwamba hawa tisa wanaondolewa na kifo, na sina nguvu juu yake. Lakini Mwavita Kondo ataondolewa na mkono. Mkono huo ni wangu, na ninauona. Sitamsukuma mtu asiye na hatia majini eti kwa sababu kuna mwingine asiye na hatia anayengoja kiti chake. Na wale mia moja na ishirini na wanane ambao hawakutaniwa, nao walihukumiwa kwa maneno ya msibani, hatujui ni nani kati yao mwenye hatia."

"Tutamtafuta mfungua lango mwingine."

"Kumzoesha lango mtu mwingine ni siku arobaini. Mlilipanga hivyo nyinyi wenyewe, ili asiwepo wa kuliingilia. Katika siku hizo arobaini kazi ya Elisio inaweza kufanyika mara tatu."

Kwa mara ya kwanza sauti ya mwenyekiti ilishuka. Haikuwa ya hasira, ilikuwa karibu na huruma. "Wayunani wako walisema kwamba hata mungu akivunja kiapo cha Stiksi, hulala bila pumzi mwaka mzima, na kwa miaka tisa haketi na wenzake. Sheria yetu ni kali kuliko hiyo. Ukivunja kiapo, jina lako linafutwa kwenye Hifadhi. Siku ukifa, hakuna atakayekuja kukuchukua. Hutakuwa na Asfodeli, wala kivuli. Una miaka ishirini na mitatu, Nyamizi. Utakufa kabisa."

"Bibi yangu alikufa kabisa," alisema Nyamizi. "Na mama yake bibi, na wote waliotangulia. Tuliwalilia, tukawatania, tukawazika, tukawasimulia mpaka tulipochoka. Nitawafuata kwa njia hiyohiyo."

 Ndipo Malongo aliposimama taratibu, mkono mmoja ameshika mgongo wa benchi lililo mbele yake.

"Nyamizi," alisema. Hakumwita binti. "Sema mbele ya watu hawa. Na baba yangu?"

Angeweza kuutazama ukuta, au wajumbe, au mikono yake mwenyewe. Alimtazama yeye.

"Baba yako atapotea baada ya siku tatu, Mzee Malongo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimelifunga lango. Sitasingizia mashine, wala sheria, wala Wayunani. Ukinichukia, utakuwa na haki." Kisha akawageukia wajumbe watano, na mabenchi, na yule mwanamke wa kitambaa cheupe, akapaza sauti ili asiwepo wa kudai kwamba hakusikia. "Silifungui lango la Lethe. Silifungui leo, wala kesho, wala kwa mtu yeyote kati ya wote mia tatu na arobaini, mpaka kila mmoja wao ahukumiwe upya bila shahidi, na mpaka Elisio igawanywe. Andikeni hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, na chini yake muandike jina langu."